Sindano ya Kumi

Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba anayoishi huko mtaa wa Satellite, Nairobi, Kasyoka huwagawia watoto tisa sindano tisa. Ya kumi ni yake, na haikai na zile nyingine. Huichomeka kwenye kola ya gauni lake, upande wa kushoto, ikiwa tayari imetungwa uzi, kama alivyozoea tangu ujana wake. Ushonaji ukiisha, kila mtoto hurudisha yake kwenye kipande cha sponji ya kijani. Kasyoka huzihesabu kwa kidole, tisa za sponji na moja ya kola, halafu hugonga meza na kusema, "Kumi." Kabla ya neno hilo hakuna anayegusa unga.

Sheria hiyo alitoka nayo kiwandani. Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi katika kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo, upande wa Athi River, na miaka hiyo yote alishona kitu kimoja: mfuko wa nyuma, wa kushoto, wa suruali. Sindano ya mashine ikivunjika, kazi ilisimama. Vipande vilitafutwa, vikabandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe na saa, na mpaka vitimie kuwa sindano nzima hukupewa nyingine. Siku moja alitambaa sakafuni saa mbili nzima akitafuta ncha ndogo kama punje ya simsim.

"Wenzangu walinicheka," aliniambia. "Mimi nilikuwa nawaza tu, kuna mtoto mahali, sijui nchi gani, atavaa hiyo suruali."

Mimi huandika habari za mafundi wa nguo; nimekaa na wa Dhaka na wa Addis Ababa, nimewaona wakishikilia sindano tano mdomoni huku wakipiga soga, na sijakutana na fundi mwingine anayeiogopa sindano kama huyu. Ilinishangaza basi kwamba ndiye anayezitia mikononi mwa watoto wa miaka mitano na sita. Nilimuuliza sababu.

"Nimeshona mifuko sijui maelfu mangapi," alisema. "Sikuwahi kuamua hata mmoja ukae wapi. Hawa wataamua."

Na kweli wanaamua. Kwake unaweza kushona shati la mikono mitatu, mradi ueleze litavaliwa na nani. Thuo, jirani yake wa miaka sita, alishona suruali ya nyani yenye tundu la mkia, na tundu lenyewe akalipindia kwa mkono, vizuri kuliko mimi ningeweza. Mabaki ya vitambaa hutoka River Road, kwa mzee Tarlochan, Singasinga mwenye duka ambako Kasyoka alishona sare za shule baada ya kuacha kiwanda. Arjun, mjukuu wa mzee huyo, ni mmoja wa wale tisa.

Baada ya kushona wanakanda unga, donge moja kubwa kwa mikono yote kumi na minane, na kila mtoto anakata kipande chake na kuunda mnyama. Skonzi zinaokwa kwenye sufuria yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Zikiendelea kuiva, watoto wanacheza kalongo: huyu daktari, yule konda, yule mama wa kambo. Kasyoka haingilii. Anakaa pembeni na kusikiliza, na mara nyingi anasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwake kutoka kinywa cha mtoto.

Jumamosi ninayoieleza ilikuwa ya mvua ya Aprili. Chumba kilikuwa na giza, watoto walikuwa na kelele, na Arjun alilalamika mara mbili kwamba sindano yake inamponyoka. Kasyoka alipoanza kuhesabu, mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na daftari langu. Alifika ya saba. Nikamuuliza, saa ile ile, jina la mwanamke aliyekuwa akikaa kwenye mashine iliyopakana na yake kule kiwandani.

Aliinua uso. "Nzisa," alisema, akatabasamu. Kisha kidole kikarudi kwenye sponji, kikatembea kidogo, kikagonga meza. "Kumi."

Watoto walikimbilia unga.

Saa saba mchana walikuwa wameondoka wote, kila mmoja na skonzi yake imefungwa kwenye karatasi. Kasyoka alikuwa akipanga vitu kwenye kopo la biskuti. Nilimwona ameishika sponji mkononi, anaitazama, haiweki. Aliigeuza. Akaigeuza tena. Akazihesabu kwa sauti ya chini, nane, akagusa kola yake, tisa, akaanza upya.

"Ni tisa," alisema.

"Labda imeanguka."

Alichukua sumaku aliyoitoa kwenye spika kuukuu, akapiga magoti, akaipitisha sakafuni kuanzia mlangoni, mstari kwa mstari, kama mtu anayepiga deki. Ilikusanya pini mbili na kizibo cha soda. Akaipitisha juu ya meza, chini ya meza, ndani ya sufuria, kwenye karai la kukandia. Mabaki ya unga yalikuwa yamekauka kwenye kingo za karai. Aliyakwangua kwa kucha, akayavunjavunja kiganjani punje kwa punje.

"Arjun alikuwa anakaa upande wa karai," alisema.

Niliona sote wawili tunawaza kitu kimoja: donge moja, mikono kumi na minane, skonzi tisa, na moja kati ya hizo.

Alivaa viatu, akatia sumaku na sponji kwenye mkoba, tukatoka. Njiani nilimwambia angeweza kusema kwamba unga ulikuwa umeharibika. Wazazi wangerudisha skonzi bila maswali. Alisimama katikati ya matope akanitazama.

"Na aliyekwisha kula nitamwambia nini? Kwamba ataumwa tumbo kidogo?"

Watoto sita walikuwa wa vichochoro vya karibu. Tulikwenda mlango kwa mlango, na kwa kila mlango alisema maneno yale yale: sindano moja imepotea, huenda imeingia kwenye unga, nipe skonzi, mwangalie mtoto. Nne zilikuwa bado nzima. Aliipasua kila moja palepale mlangoni, huku mtoto mmoja akilia kumwona twiga wake akivunjwa, akaisaga kwa vidole hadi ikawa chenga, akapitisha sumaku. Mbili zilikuwa zimeliwa nusu. Nusu zilizobaki hazikuwa na kitu. Mama mmoja alimsukuma mwanawe nyuma ya sketi yake kana kwamba Kasyoka mwenyewe ndiye sindano.

Kisha tukafika kwa Gichuru, babake Thuo, aliyekuwa akiosha matope ya gari lake langoni bila kujali mvua.

"Thuo amekula skonzi?" Kasyoka aliuliza.

"Yule simba? Alimmaliza kabla hajafika geti. Kwani mlimtilia sukari kilo nzima?"

"Sindano imepotea, Gichuru. Huenda ilikuwa kwenye unga."

Gichuru alifunga mfereji. "Rudia."

Alirudia.

"Mimi nilikuambia. Siku ya kwanza kabisa nilikuambia, Ticha, mtoto wa miaka sita ni kalamu na kitabu. Sindano ya nini? Anataka kuwa fundi wa viraka?"

"Uliniambia."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nazihesabu."

Gichuru aligeuka. "Thuo! Kuja hapa. Fungua mdomo. Zaidi." Alimlaza kichwa nyuma mpaka mvua ikamwingia puani. "Ulisikia kitu kigumu ukitafuna?"

"Zabibu."

"Kigumu, nimesema."

"Zabibu ya jicho ilikuwa imeungua."

Gichuru alimbonyeza tumbo huku na huku. "Hapa panauma? Hapa?"

"Unanitekenya, Baba."

Gichuru hakucheka. Alimbeba mtoto akamtia kwenye gari, sabuni ikiwa bado kwenye kioo. "Nampeleka hospitali apigwe picha ya tumbo. Na ikionekana kitu humo ndani, Ticha, nitakwenda kwa chifu mimi mwenyewe. Hutashika mtoto wa mtu tena hapa Satellite."

Thuo alichungulia dirishani. "Ticha, leo kwa kalongo Ivyne alikuwa wewe! Alikataa tumwite Ivyne."

"Wachana na Ivyne, funga mkanda," babake alisema, na gari likaondoka.

Nilisikia maneno hayo, lakini sikuyajali. Kasyoka sidhani hata aliyasikia. Alikuwa amekwisha kushika simu, anampigia Reshma, mamake Arjun. Arjun yuko salama, Reshma alisema, anachora. Skonzi yake? Walipitia mjini, akamwachia babu yake dukani.

Tarlochan alipokea baada ya mlio wa tisa. Nyuma yake River Road ilikuwa ikinguruma, mikokoteni, honi, mtu akinadi kufuli.

"Kasyoka! Tembo ya Arjun iko tamu sana. Nakula na chai."

"Mzee, weka chini."

"Nini?"

"Weka tembo chini, usitafune. Sindano ya watoto imepotea."

Tulisikia kikombe kikigonga kaunta.

"Mimi nimekula kichwa," mzee alisema. "Na mguu mbili."

"Sumaku ya duka iko?"

"Iko. Ngoja."

Tulingoja chini ya kibanda cha muuza mboga, mvua ikipiga nailoni juu yetu. Kasyoka alikuwa amefumba macho. Niliona midomo yake ikihesabu, sijui nini.

"Mwili iko safi," sauti ilirudi. "Lakini kichwa, sasa kichwa iko ndani."

"Unahisi nini, Mzee?"

"Nahisi wewe unaogopa. Mimi meno iko kumi na moja tu, natafuna polepole kama ng'ombe. Sindano ningejua." Akashusha sauti. "Watoto wote umeona?"

"Amebaki mmoja. Ivyne, wa Kangemi. Simu ya mama yake imezimwa."

"Sasa mbona unaongea na mzee? Enda!"

Tulikwenda kwa miguu, kwa kuwa magari yalikuwa yamesimama kwenye matope ya Kawangware na kutembea kulikuwa haraka zaidi. Kasyoka ana miaka hamsini na minane na goti bovu, lakini nilikuwa nyuma yake njia nzima. Tulishuka bondeni, tukavuka mto uliojaa maji mekundu, tukapanda upande wa pili. Alizungumza mara moja tu, bila kugeuka.

"Ivyne hali haraka. Yeye huweka kitu chake, anakitazama kwanza." Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Lakini ana mdogo wake. Joash. Anaota meno. Huyo anatia kila kitu mdomoni."

Ploti yao iko nyuma ya soko, vyumba kumi vinavyotazamana na mfereji mmoja katikati. Mvua ilikuwa imekatika. Mama Ivyne alikuwa kwenye mfereji na wanawake wengine, amewapa mgongo watoto wake, anafua. Stima zilipotea tangu asubuhi, ndiyo sababu ya simu kuzimwa. Ivyne alikuwa amekaa kizingitini mwa chumba chao, miguu ameinyoosha mbele.

Mbele yake alikuwa amepanga magunzi tisa ya mahindi, kila moja limevikwa kitambaa. Pembeni ilikaa skonzi yake, kuku, mzima kabisa, amewekwa juu ya vizibo vitano vya soda ili aviatamie. Joash, wa miezi minane, alisimama mapajani mwa dada yake, amemshika mabega, na alikuwa akitafuna kola ya sweta la Ivyne upande wa kulia. Mate yalikuwa yameilowesha.

"Nani hajarudisha?" Ivyne aliyauliza magunzi, kwa sauti ya Kasyoka. "Mimi sina haraka. Unga utangoja."

Kasyoka alinyoosha mkono akanizuia kifuani. Sikuelewa. Nilifuata macho yake nikaona kwanza uzi, uzi mwekundu tulioutumia asubuhi, ukining'inia kwenye sweta. Halafu nikaona ulikotokea. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kola, upande wa kushoto, mahali pale pale anapoiweka fundi. Ngumi ya Joash ilikuwa imeukamata uzi.

Tangu mchana tulikuwa tukiisaka kwenye unga.

"Ticha! Karibu!" Mama Ivyne aliita kutoka kwenye mfereji. Joash aligeuza kichwa kuitafuta sauti, na uzi ukakazika.

Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili. Kasyoka hangeweza kupiga kelele, maana mtoto wa miaka sita ukimshtua ataruka, na mdogo wake ataanguka kifuani pake. Hangeweza kukimbia pia. Aliinua kiganja kumnyamazisha Mama Ivyne, akasogea taratibu, akachuchumaa mwisho wa mstari wa magunzi, kama mwanafunzi wa kumi.

"Fundi," alisema, "nimechelewa."

Ivyne alimtazama. Hakushangaa. "Kaa hapo. Usiongee na mwenzako."

"Naomba utuhesabie sindano, Fundi. Unga unangoja."

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Onyesha."

Kasyoka alionyesha, mbele na nyuma. Mikono ilikuwa na matope hadi kwenye vifundo. Ivyne aliikunjia uso, lakini akaiachilia. Alivuta donge la udongo lililochomekwa vijiti tisa, ndiyo sponji yake, akaanza kuhesabu kwa kidole cha shahada, polepole, kama alivyofundishwa. Moja. Mbili. Tatu. Joash aliachana na kola ya kulia. Nne. Aliusogeza uzi mdomoni, akautafuna, akautoa, akauchunguza. Tano. Sita. Akaegemea bega la kushoto. Niliona shavu lake likigusa sufu ya sweta, inchi moja kutoka kwenye chuma. Saba. Nane. Tisa.

Ivyne aliinua kidole kutoka kwenye udongo.

"Na ya kumi?" Kasyoka aliuliza.

"Ya kumi ni ya fundi." Ivyne alimsogeza Joash kwa kiwiko, akaupeleka mkono kwenye kola, akaichomoa sindano. Uzi ulimponyoka mtoto ngumini. Aliishika ncha ikitazama chini, sawasawa kabisa, na kwa mkono mwingine akagonga kizingiti. "Kumi."

Kasyoka alifungua mkoba na kutoa sponji. "Iweke hapa, Fundi."

"Ya fundi haiwekwi hapo."

"Inawekwa."

"Wewe huweki." Ivyne alinyoosha kidole kwenye gauni la mwalimu wake, ambako sindano nyingine ilikuwa imekaa tangu asubuhi, na uzi wake mwekundu. "Yako iko hapo. Kila siku iko hapo."

Kasyoka aliushika ukosi wa gauni, akaichomoa sindano yake, akaichomeka kwenye sponji, nafasi ya mwisho.

"Kuanzia leo naweka," alisema. "Sasa wewe."

Ivyne alifikiri. Kisha akaweka ya kwake kando ya ile, akazihesabu zote mwenyewe tangu mwanzo, kwa sababu hakumwamini mtu aliyekuja amechelewa.

Ndipo Kasyoka alipokaa chini kabisa, kwenye maji, na Mama Ivyne akaja mbio na povu mikononi. Aliambiwa kila kitu. Kasyoka hakupunguza neno. Mama Ivyne alimnyakua Joash, akamtia kidole mdomoni, akapapasa ufizi wote, chini ya ulimi, shavuni. Mtoto alimng'ata. Aliendelea kumpekua hata baada ya kuwa hakuna pa kupekua tena.

"Hii sweta Ivyne analala nayo," alisema. "Usiku wanalala pamoja, hawa. Huyu anamlalia kifuani."

Kasyoka aliinamisha kichwa.

"Ni mimi aliniiga," alisema.

"Najua ni wewe. Huku nyumbani ni wewe tu, asubuhi mpaka jioni. Kata hivi, shona hivi, usikimbie na mkasi." Alimkumbatia Joash akatazama magunzi yaliyovalishwa, kila moja nguo yake, hakuna mbili zinazofanana. Alitaka kusema jambo kuhusu Jumamosi ijayo. Alianza, "Ticha, Jumamosi..." akaacha hapo, na Kasyoka hakumuuliza amalizie.

Kabla hatujaondoka Kasyoka alipitisha sumaku juu ya yule kuku, ingawa sindano zote zilikuwa mkobani.

"Unamwamsha," Ivyne alilalamika.

Kasyoka alipiga simu akiwa amesimama kando ya soko. Wale sita wa jirani. Reshma. Tarlochan, ambaye alivuta pumzi ndefu akasema basi sasa anaweza kula mkia. Gichuru alikuwa wa mwisho. Picha ilikuwa safi, alisema, na kwamba Thuo ameililia aende nayo nyumbani akaishonee fremu. Kuhusu mengine atafikiria. Akakata.

Tulitokea kwenye barabara ya Waiyaki Way jioni ikiingia. Kasyoka alitembea akiukumbatia mkoba kwa mikono yote miwili. Kila baada ya hatua chache mkono mmoja ulijiachia, ukapanda wenyewe hadi kwenye kola, upande wa kushoto, ukakuta hakuna kitu. Kila mara alishtuka, akasimama, akafungua mkoba, na kuhesabu.